Kopo la Hela Mbovu

Maneno yalianzia bombani, na kama yalivyo maneno ya bombani, hakuna aliyesema ameona. Kila mmoja alisikia. Kwamba zile hela za kale zenye tundu, zinazouzwa nje ya stendi ya Msamvu, zinafukuliwa makaburini huko juu milimani. Kwamba kuna watu wanapanda Uluguru na sururu, wanamfukua marehemu, wanamvua hela aliyozikwa nayo kiunoni, wanashuka nayo mjini kuiuza. Kwamba mama mmoja wa Mazimbu aliinunua akaivaa, shingo ikamvimba mpaka mate yakawa hayapiti.

Wanawake pale bombani walisema "ptuu", wakacheka, wakajitwika ndoo zao. Magreth alibaki ameshika mpira, ndoo imejaa inamwagikia miguuni, naye hana habari. Alipoondoka, maneno yale yaliondoka naye. Yaliingia naye ndani, yakakaa naye jikoni, yakamwangalia akichambua mchicha. Maana kwake, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na kopo la maziwa lenye hela za namna hiyo arobaini na tatu. Na ya arobaini na nne ilikuwa shingoni mwa mtoto wake.

Mtoto huyo, Anastasia, alikuwa na miezi saba, na leo ilikuwa siku ya tatu anaharisha.

Kopo lilikuwa la mumewe, Bartholomeo. Miaka kumi na tisa Bartholomeo alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha pale Morogoro, anafungua pampu, anafunga pampu, mpaka yalipokuja haya mambo ya soko huria. Kiwanda kikasemwa kimeelemewa na mzigo, na mzigo wenyewe ukawa watu. Akapewa barua, wakapeana mikono. Sasa alikuwa na kibanda cha kuziba pancha za baiskeli pale Kihonda barabarani. Wenzake wengine waliopunguzwa pamoja naye waliingia kwenye gongo. Yeye aliingia kwenye hela za kale, na mwanzoni Magreth alimshukuru Mungu.

Hela nzima hakuziweza. Zile rupia za fedha za Mjerumani, zenye mfalme mwenye kofia ya tai, zilikuwa na watu wake, wageni na wenye maduka makubwa. Bartholomeo alinunua vilema: iliyotobolewa ikavaliwa, iliyopinda, iliyoungua na nyumba, iliyong'atwa, zile za senti kumi za Mwingereza zenye tundu la katikati zilizolika mpaka pembe za ndovu zimefutika. Moja aliipata kwa bei ya fungu la mchicha, ikizidi sana mafungu mawili.

"Nzima imekaa tu sandukuni," alikuwa akisema. "Hii imetobolewa kwa sababu kuna mtu aliipenda akataka alale nayo."

Ni maneno mazuri, na Magreth aliyapenda. Kilichomshinda ni mikono. Kila Jumapili wakitoka kanisani Bartholomeo alitandika gazeti mezani, akazimwaga, akazipanga, akazisugua na kidole gumba mpaka kidole kikawa cheusi na kunata. Halafu akajifuta kwenye suruali, akanyoosha mkono ule ule kwenye sinia la ugali. Magreth alikuwa anahamishia tonge lake upande mwingine wa sinia. Nawe mume utamwambia mara ngapi akanawe?

Aliyemletea hela hizo alikuwa Abasi, mchuuzi wa pale Msamvu, mwenye turubai dogo chini na ulimi mlaini. Mwaka wa kwanza alileta mchanganyiko, moja moja, na nyingine zilikuwa na herufi za kusomeka. Mwaka wa pili zikaanza kuja nyingi, saba, nane kwa mpigo, na zote zimefutika zikawa duara tupu lenye tundu, zimeshika uchafu wa kijani na weusi.

"Hii haisomeki kabisa," Magreth alimwambia mumewe siku moja. "Umejuaje kama ni ya Mjerumani?"

"Shika." Alimwekea moja kiganjani. "Mkono wangu unaujua uzito huu, Mama Anasta. Nikiishika tu naujua. Babu yangu alibeba mizigo ya Mjerumani kwa hela hizi. Ni damu hiyo, inakumbuka."

Magreth aliirudisha mezani haraka. Ilikuwa na utelezi.

Sasa utauliza, kama ilimchukiza hivyo, ilifikaje shingoni mwa mtoto? Ilifika kwa kuiga. Jirani yao, Bi Chausiku, ni Mluguru wa tangu na tangu, alishuka mjini kutoka juu ya Matombo alipoolewa. Mjukuu wake alipoanza kuota meno alifungwa shingoni uzi mweusi wenye hela ya tundu, akawa anaitafuna, na meno yakatoka bila homa. Magreth, mtu wa kuja kutoka Songea, aliona kwa macho akaona imetosha. Hakuuliza. Alipanda kwenye stuli, akachagua humo koponi iliyo laini kuliko zote ili isimkwaruze mtoto ufizi, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaitia uzi. Kwa ncha ya khanga tu! Ndicho alichokuja kujiuliza baadaye, kila akiamka: mbona uso wa mtoto aliuosha kwa sabuni, na ile akaipangusa?

Bartholomeo alifurahi. "Huyu atarithi kopo," alisema.

Mtoto aliipenda. Aliinyonya akiwa mgongoni, aliinyonya akisinzia, udenda ukashuka mweusi mpaka kifuani. Alipoanza kuharisha Magreth alisema ni meno. Wote walisema ni meno.

Asubuhi ile ya maneno ya bombani, Magreth alimbeba Anastasia akavuka uwanja mpaka kwa Bi Chausiku. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kitoto kimelegea hivyo?"

"Meno, bibi." Akakaa. "Bibi, nataka kukuuliza jambo, usinifukuze. Huko kwenu milimani mnazika watu na hela?"

Ungo ulisimama. "Nani anazika na hela?"

"Nyie."

"Mama Anasta! Sisi watu wa sanda. Nguo nyeupe, pamba, basi, umekwenda. Mfukue marehemu baba yangu leo utakuta mchwa, na hao mchwa uwapekue mifuko uone kama wana hela." Bibi alicheka mpaka khanga ikamvuka kichwani. Kisha akaiona ile shingoni mwa mtoto, na kicheko kikakatika. "Hiyo mmepewa na nani?"

"Ya baba yake. Aliinunua Msamvu."

"Ya kununua?"

"Ndiyo, bibi."

"Umemfunga mtoto hela ya kununua?" Bi Chausiku alisogea kwa magoti. "Hebu nisikilize. Ile ya kwangu aliitafuna mama yangu. Nikaitafuna mimi, wakaitafuna wanangu saba na wajukuu. Naijua kinywa kwa kinywa. Haitoki nje ya nyumba, haiazimwi. Na kila jioni inachemshwa kwenye chungu chake, maji yatokote, na wanangu nawaambia, usiponichemshia simpi mtoto wako. Hii yako imetoka kinywani mwa nani?"

Bibi alikata uzi kwa kisu cha mchicha, akaisogeza ile hela puani, akaitupa mbali mkekani kama amepewa panya.

"Nusa."

"Sitaki, bibi."

"Nusa, wewe si ndiye uliyemvalisha?"

Magreth alinusa. Juu palikuwa na harufu ya maziwa na mate ya mtoto. Chini yake palikuwa na nyingine, anayoijua kila mtu anayeishi nyumba ya kupanga.

"Kaburi la zamani halinuki," alisema Bi Chausiku. "Hicho ni choo. Nenda kamuulize aliyewauzia. Mwache mtoto hapa nimpe maji ya chumvi na sukari. Nenda upesi, daktari akikuuliza mtoto kala nini uwe na la kumwambia."

Magreth aliifunga ile hela kwenye kipande cha gazeti, akaishika kwa ncha za vidole njia nzima.

Msamvu turubai la Abasi halikuwepo. Muuza mihogo alimwonyesha uchochoro nyuma ya gereji. "Utasikia kelele, ndipo hapo hapo," alisema. "Leo tangu asubuhi anagombana na mama mwenye nyumba."

Kweli alizisikia kabla hajafika. Mama mwenye nyumba aliitwa Paskalia, mwanamke mpana, amejifunga khanga kifuani na fagio mkononi, amesimama mbele ya mlango wa gunia wa choo.

"Nimekupangisha chumba, sijakupangisha choo!" alikuwa anasema. "Wapangaji wanane wanachuchumaa juu ya waya zako! Kiwanda gani hiki? Kazi gani ya mtu mzima hii?"

"Mama mwenye nyumba, ni wiki moja tu," ilijibu sauti kutoka ndani ya choo.

"Wiki moja umeanza kuisema tangu Pasaka!"

Abasi akatoka. Mkononi alikuwa na waya mrefu, na mwisho wa waya soksi. Soksi ya mwanamume, ndefu, imejaa kitu kizito, inachuruzika. Magreth aliona jinsi ilivyochuruzika na rangi yake, akajifunika pua kwa khanga. Abasi hakumwona. Aliiweka chini, akatia mkono ndani, akatoa duara lenye tundu, akalichovya kwenye kopo la maji yenye rangi ya chai, akalisugua kwenye suruali na kuliangalia juani kama mtu anayechagua embe.

"Abasi."

"Aa, shemeji!" Hakushtuka hata kidogo. Alinyoosha mkono ule ule kumsalimu. Magreth alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Mzee Barto hajambo? Mwambie mzigo wake uko tayari Jumamosi."

"Hizo ndizo unazomuuzia?"

"Hizi zinahitaji kuiva kidogo. Unazigonga nyundo kwanza, unazitia maji ya betri siku mbili, halafu huku wiki tatu. Zikitoka hapa zina miaka themanini." Akacheka. "Mzee anazitaka zilizochakaa. Mimi nazichakaza. Nimemkosea nini? Angetaka nzima, ningemwambia sina."

"Watu wanasema mnafukua makaburi."

"Nani anasema?"

"Bombani."

"Wamefikisha mpaka Kihonda? Safi sana!" Abasi alimgeukia Paskalia. "Umesikia, mama mwenye nyumba? Mimi nililisema hapa hapa stendi kwa mtu mmoja, wiki mbili tu zilizopita. Mtu akisikia makaburi haulizi tena hela imetoka wapi, anaogopa, na akiogopa anaongeza bei."

Magreth alifungua kile kipande cha gazeti. "Na hii?"

Abasi aliichukua, akaigeuza, akaitia pembeni mwa meno, akaing'ata kidogo kama wanavyofanya wajuzi. "Hii ya mwezi wa pili. Hii ilikaa sana, nilikuwa nimesafiri. Nzuri hii, imeiva. Kwani Mzee ana shida nayo?"

"Alikuwa nayo mtoto wangu," Magreth alisema. "Mdomoni. Mwezi mzima."

Paskalia aliangusha fagio. Abasi alifungua mdomo, naye akakumbuka kilichokuwa kimetoka humo sasa hivi, akatema chini.

"Sasa shemeji, mtoto unampaje..." alianza.

Hakumaliza. Magreth alikuwa ameinama pembeni ya ukuta, anatapika uji wote wa asubuhi, na Paskalia amemshika mgongo, anamwambia pole dada, pole, huku akimtukana Abasi kwa majina ambayo si ya kuandikwa. Alipoinuka hakudai kitu. Alinyakua hela mbili kutoka kwenye soksi kwa kipande cha gazeti, akaenda mbio, khanga moja imemwanguka njiani na hakurudi kuiokota.

Alipofika, mkeka wa Bi Chausiku ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa ndani anaswali adhuhuri. Magreth alikimbilia nyumbani kwake mwenyewe.

Bartholomeo alikuwa amerudi kula. Alimkuta mwanawe kwa jirani analia na mikono inatafuta kitu shingoni, akamchukua, na baba ni baba, akataka kumtuliza. Alikuwa amekaa naye sakafuni. Kopo lilikuwa wazi. Hela zilimwagika zote kwenye mkeka kati ya miguu ya mtoto, na Anastasia alikuwa ameacha kulia. Alikuwa na moja kila mkono, na ya tatu mdomoni.

Magreth alitia kidole kinywani mwa mtoto, akaichomoa ile, akaitupa ukutani.

"Mama Anasta, una wazimu? Hiyo ina miaka..."

"Ina wiki tatu! Wiki tatu chooni, Baba Anasta! Soksi imening'inizwa chini ya makalio ya watu wanane. Nimeiona. Nimeiona inatoka!"

"Nani kakudanganya? Wivu wa watu..."

Magreth alichukua birika lililokuwa jikoni linachemka, akamimina kwenye beseni, akatosa zile mbili za gazeti, akatia majivu na mchanga, akazisugua na gunzi la hindi. Harufu iliyopanda na mvuke ilijaza chumba. Bartholomeo alifunika pua kwa kiwiko. Akasugua. Kijani kikatoka, weusi ukatoka, na chini yake ikaonekana shaba nyekundu, safi, changa, na kwenye ukingo namba mbili zimegongwa na mashine.

"Shika," Magreth alisema. "Si mkono wako unaujua uzito? Shika."

Bartholomeo aliishika. Aliigeuza mara moja tu. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake na mtu asiyemtazamia.

"Hii ni washa," alisema.

"Ni nini?"

"Washa. Ya pampu. Inakaa chini ya nati, kuzuia mafuta yasivuje." Akaitazama tena. "Hizi nimefunga mimi, miaka kumi na tisa. Wameuza chuma chakavu cha kiwanda kwa mafungu, na hawa... Mama Anasta, nimenunua washa zangu mwenyewe."

Wakati mwingine Magreth angecheka, na hata Bartholomeo pengine angecheka. Lakini aliponyanyua macho kumtazama mumewe alimwona mtoto. Anastasia alikuwa ameegemea mguu wa meza, hajalia tena, macho yameingia ndani na utosi umebonyea kama ugali uliokandamizwa na kijiko. Alimfinya ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama.

Walikwenda hospitali kwa baiskeli, Bartholomeo anaendesha, Magreth nyuma amemkumbatia mtoto, Bi Chausiku anawakimbilia na chupa ya maji ya chumvi mpaka pumzi zikamwishia. Nesi alimlaza mtoto, akatafuta mshipa mkononi akakosa, akatafuta mguuni akakosa, akaupata kichwani.

"Ameharisha siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu mlikuwa mnangoja nini, mama?"

"Tulidhani ni meno."

"Meno hayaharishi mtu. Alikula nini? Aliweka nini mdomoni?"

Magreth alimtazama mumewe. Bartholomeo alitazama mikono yake, na vidole vyeusi, akaificha nyuma. Ikabidi Magreth aseme, mbele ya wamama wengine sita wenye watoto wao, yote, soksi na waya na mwezi mzima. Mama mmoja alimhamishia mtoto wake kitanda cha mbali. Magreth hakumlaumu. Angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo.

Siku nne Anastasia alilala pale na dripu. Siku ya pili asubuhi aliacha kufumbua macho, na saa zile Magreth hapendi kuzisimulia mpaka leo. Siku ya tatu alilia kwa nguvu akitaka ziwa, na chumba kizima kikasema alhamdulillahi na asante Yesu kwa pamoja.

Waliporudi nyumbani Bartholomeo alimwaga kopo lote kwenye sufuria bovu, akalichemsha nje kutwa nzima, akazisugua moja moja. Kati ya zile arobaini na tatu, thelathini na moja zilikuwa washa. Alizifunga kwenye gunia, akazipeleka Msamvu, akazimwaga kwenye turubai la Abasi mbele ya wateja wake na kueleza kwa sauti zilikotoka. Watu walitawanyika wanatema mate. Wiki iliyofuata Abasi hakuwepo. Wanasema yuko Kilosa, anauza dawa ya meno.

Zile kumi na mbili za kweli bado anazo, kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, juu ya dari, na anazishika akiwa na sabuni karibu. Bi Chausiku alileta ile hela ya kwao, imechemshwa, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akasema Anasta sasa ni mjukuu, aitafune. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa kuja. Magreth alipiga goti, akashukuru, akajaribu kunyoosha mkono. Mkono haukwenda. Bi Chausiku alimtazama, akaifunga tena, akasema basi mwanangu, nimeelewa.

Hata sasa, akiona muuza nyanya ameshika sarafu kwa midomo huku akitafuta chenji, Magreth anaacha nyanya anaondoka.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mwenye mtoto mchanga nyumbani, mambo ya kuepuka ni haya:

Usimfunge mtoto hela ya kununua, hata ikiwa nzuri namna gani.

Usiige ya jirani kwa macho. Muulize, akwambie na masharti yake.

Usipanguse kwa khanga kitu kinachokwenda mdomoni. Chemsha.

Usiseme ni meno. Akiharisha mara ya tatu, mpe maji ya chumvi na sukari, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usimwache baba ale kabla hajanawa, hata akinuna.

Kitu kikinuka, usitafute hadithi yake. Kitupe.

Na ukisikia maneno bombani usiyabebe tu kichwani na ndoo. Nenda kaangalie, mapema kuliko alivyokwenda Magreth.